Ahirisha

Mwezi wa tatu sasa tangu urudi Pasua
na begi moja, jaketi la theluji lisilo na kazi hapa,
na kishikwambi chenye ufa pembeni
kinachosema Kikorea:
vijiti, viduara, vibanda vidogo vidogo,
kama mtoto wa chekechea kachora mtaa, akasahau watu.

Nilisema, Kibadilishe basi, nami nisome.
Ukasema, Nimekizoea.
Neno hilo nililiweka kando
kama sindano iliyovunjika, nisije nikalikanyaga.

Maana kila siku saa kumi na moja alfajiri,
kabla ya adhana, kabla ya kengele ya Walutheri,
kinalia chini ya mto wako.
Mlio laini. Wa kike.
Unakizima kwa kidole gumba, macho umefumba,
kama mtu anayemfunika mtoto asiamke.
Nani huyo anayekuita saa hizo?
Mama Ndewiro, mteja wangu, alisema bila kuulizwa:
Lugha usiyoijua ndiyo nyumba ya mke mwenza.
Nikaendelea kumpima kiuno.
Nikakosea inchi mbili.

Jana umekwenda Himo kuulizia lile gari la mahindi,
umekisahau kwenye chaji.
Nikalaza simu yangu ubavuni mwake
kama watoto wa dawati moja, mmoja akinakili kwa mwenzake.
Gia hapa, gia pale.
Nikahesabu mistari kwa ncha ya mkasi:
wa kumi na tatu, bonyeza. Siyo. Hayo mambo ya betri.
Rudi. Wa kumi na nne.
Ikaja orodha, na humo
kila lugha imejiandika yenyewe, kwa mkono wake,
hakuna iliyosemewa na nyingine.
Nikateremka, nikateremka,
mpaka: Kiswahili.
Moyo uliruka kama nimemwona shemeji
kwenye foleni ya Mawenzi, mwenye namba ya mbele.

Kikapepesa mara moja, kikawa cha kwetu.
Jumanne. Betri asilimia sitini na moja.
Hakuna arifa mpya.
Hakuna barua. Hakuna jina la mwanamke.
Nikagusa saa, nikagusa kengele.

Saa kumi na moja alfajiri: *Namkunda analala sasa muage*
Saa saba mchana: *anafungua kibanda*
Saa sita usiku: *anafunika cherehani*

Haya hayakubadilika.
Uliyaandika wewe, kwa Kiswahili chako cha Same kisicho na nukta,
na yalikuwa hivyo hivyo siku zote kati ya vile vibanda,
watu pekee katika ule mtaa.

Huko mlitutangulia saa sita.
Wewe ukivaa buti za zamu, mimi navuta shuka.
Kishikwambi kiliposhuka KIA kikajirekebisha saa,
lakini kengele haina akili, alfajiri kwake ni alfajiri,
ikaendelea kukukumbusha kuniaga
mimi niliye ubavuni mwako, macho makavu,
ninakuchukia kidogo kidogo.

Ungesema tu.
Ila mtu aliyeishi miaka sita
kwa mchana wa mtu mwingine
aanzie wapi kueleza?

Umerudi na vumbi la Himo kwenye kope.
Umekishika muda mrefu. Umesoma *Mipangilio*
polepole, kama jina la mtu wa ukoo uliyemsahau sura.
Hukuuliza. Sikusema.
Nikampigia Mama Ndewiro: njoo nikupime upya.

Leo alfajiri kimelia. Nimekuwahi.
Vitufe viwili, na vyote sasa navisoma.
Zima.
Ahirisha.

Nimebonyeza cha pili.
Dakika kumi, halafu kituambie tena.