Mgeni Haulizwi Funguo

Korosho za Nanyamba zilipita mnada wa tatu,
pesa ikaingia Ijumaa, kidogo nikakitenga:
siku nne Mikindani, mimi na dada Somoe,
tulale mpaka jua lituamshe lenyewe,
tusipike, tusifagie, tusiitwe.

Nyumba niliiona kwenye simu.
Vyumba viwili, baraza, pazia la buluu,
bei ya huruma. Nikauliza, ipo wazi tarehe kumi?
Jibu likaja kabla sijaiweka simu chini:
"Ipo, dada yangu. Karibu sana. Mimi Bwana Edmundi."

Aliuliza jina, nikampa. Jina ni la kuitwa.
Aliuliza tuko wangapi, nikasema wawili.
Aliuliza mwaka wa kuzaliwa, nao nikautoa,
nikidhani anataka kujua atuamkieje.
Kisha akaomba namba ya NIDA,
na picha ya kitambulisho, mbele na nyuma,
na picha yangu nimekishika kifuani
kama mshitakiwa na kibao chake.
Kisha jina la mama yangu
kabla hajaolewa.

Hapo nikailaza simu juu ya kinu.

Jina la mama?
Sisi ukoo tunaufuata kwa mama.
Jina lake hutajwa unga unapomwagwa chini,
alfajiri, kwa sauti ndogo.
Na mara nyingine moja: benki,
karani aliliuliza akinong'ona,
akaliandika, akageuza karatasi.
Sasa wewe wa pazia la buluu
unalitakia nini?

Nikamwandikia: Bwana Edmundi, nami nina maombi.
Jirani yako wa kulia anaitwa nani?
Ukitoka mlangoni, soko liko mkono upi?
Nipigie picha ya baraza sasa hivi,
uweke kijiko mezani. Kijiko tu.

Akapandisha sauti kwa herufi kubwa.
WATEJA NI WENGI. Dakika ishirini, nyumba imekwenda.
Umetumiwa tarakimu sita, nisomee haraka.
Kweli simu ikalia, tarakimu sita zimejipanga,
na chini yake: usimpe mtu yeyote.
"Yeyote," Somoe akarudia, akipepeta mchele.
"Hata Edmundi."

Binamu yetu Nambuta anauza vipuri vya baiskeli Mikindani.
Nikamrushia ile picha. Akacheka mpaka akakohoa.
"Tazama nyuma ya paa. Ule ni mlima.
Mlima wote huo hapa kwetu tumeuficha wapi?
Na hapo anaposema, ubavuni mwa shule,
pana tangi la maji na mbuzi wawili."

Mgeni huulizwa jina, huulizwa atokako,
huulizwa kama amekula.
Haulizwi funguo za kwake.
Mimi nilitaka ufunguo wako kwa siku nne, bwana.
Wewe ulitaka wangu, usirudishe.

Nikamfungia. Namba yake nikaipeleka
kunakoripotiwa matapeli.
Mwaka wangu wa kuzaliwa umebaki kwake.
Huo haurudi. Nikabadilisha namba ya siri,
maana nilikuwa nimeitungia mwaka huo huo,
mjinga mimi.

Mikindani tulikwenda hata hivyo.
Nyumba ya wageni ya Bi. Mwanahawa:
pazia la kijani, feni yenye kikohozi.
Akalisukuma daftari, kalamu imefungwa uzi.
Jina. Utokako. Uendako. Kazi. Saini.
Mkono wangu ukasita juu ya mstari.
Akaona. "Andika, mwanangu. Watu wa mtaa hukagua.
Nami niko hapa, unaniona."

Nikaandika. Juu ya jina langu yalikuwepo mengine,
mtu wa Newala, mtu wa Songea,
mama na mtoto wake,
namba zao za simu zimeanikwa kama kanga kambani.

Nikazifunika kwa kiganja
nilipokuwa natia saini.