Beseni la Simu

Jumapili, Kongwa. Tunakodi chumba nyuma ya mashine ya kusaga.
Marafiki saba. Hakuna mchungaji, hakuna kinanda,
unga tu umetanda hadi kwenye kitasa.
Simu tunazilaza ndani ya beseni la bati,
halafu tunanyamaza.

Wiki nzima kundini tumekwaruzana:
kile chuma kilichozama nyuma ya choo
ni cha tingatinga la Waingereza wa karanga, au sicho?
Meseji mia na arobaini. Picha. Vidole gumba.
Mimi mwenyewe nilimwita Chilewa mwongo, saa sita usiku,
nikalala vizuri.

Beseni linanguruma. Hatuinuki.

Ndipo Mama Ndahani, mwenye kitochi kisichoingia kundi lolote,
akasimama, akashika kiti cha mbele.
“Baba yangu aling'oa visiki hapa.
Mvua ikakataa, wakaondoka.
Vingine vilichipua. Tulivipikia.”
Akaketi.

Hakuna aliyemjibu.
Unga ulitushukia magotini, polepole,
na Chilewa, bila kunitazama,
akasogeza kiti chake kidogo,
jua la dirishani
likaacha kunichoma.