Nyuzi Mbili

Alhamisi jumuiya ilikuwa kwa Mama Ndeonasia,
Tabata Kisiwani, nyuma ya mashine ya kusaga.
Umeme ulikatika kabla ya sala ya kufungua.
Tukawasha tochi za simu, tukazilaza kifudifudi juu ya stuli,
nyuso zetu zikamulikwa kutokea kidevuni,
kila mmoja akafanana na babu yake.

Mwinjilisti Mwakalobo akafika sura ya kumi na nane.
Hakuhitaji mwanga. Aliijua kwa moyo,
akaisema kwa sauti ya chini,
kama mtu apitaye nyumba yenye mbwa.

Ombeni, wa mwaka wa pili pale Mlimani, akauliza:
na babu zetu walioambiwa ngoma ni dhambi?
Waliomwacha mke mdogo nje ya mlango wa kanisa,
na watoto wake, kwa sababu imeandikwa?
Nani alikwenda kuwaomba radhi?

Mwinjilisti akavua miwani.
"Mwanangu, leo nikitoa tofali moja kwa kuwa halinipendezi,
kesho wewe utatoa la pili.
Mvua haiulizi nani alianza.
Neno halipimwi kwa kalenda."
Mama Ndeonasia akasema amina, mkono juu.
Nami nikasema, mkono juu.
Mdomo huzoea.

Simchukii. Mama alipolazwa Muhimbili
yeye ndiye aliyelala kwenye benchi siku tatu,
akirudi na uji kwenye chupa ya chai.
Hapo ndipo ugumu ulipo.
Mtu mbaya ningemjibu.

Tukafunga Kitabu, tukafungua daftari.
Mimi ni mweka hazina wa kikoba:
Mama Sifueli, genge lake limefungwa tangu Pasaka,
anadaiwa laki tatu, riba kumi kwa mia,
faini ya kuchelewa elfu mbili.
Sura saba tu mbele, Torati hiyohiyo
inakataza kumtoza riba ndugu aliyefilisika,
wala hainong'oni.
Hakuna aliyevua miwani.
Nikapokea. Nikagonga muhuri.

Sare yetu ya kwaya, ile ya zambarau,
aliishona Tumsifu, kaka yangu,
mwaka mmoja kabla hajaambiwa
aache kinanda, atubu, au asionekane.
Arobaini na mbili alishona,
vipimo vya kila mtu kwenye mfuniko wa boksi la viatu.
Na kanzu ya Mwinjilisti pia:
bega lake la kushoto limeshuka,
kaka akalijazia sponji kidogo, hakumwambia,
na hadi leo anasimama madhabahuni amenyooka.

Sasa yuko Sinza, chumba kimoja,
na Gervas, fundi wa majokofu,
anayemkatia kucha tangu sindano ya cherehani imtoboe kidole.
Majirani wanajua ni binamu.
Mjumbe anajua ni binamu.
Mimi mwenyewe nikiulizwa, ni binamu.

Usiku nikaendelea kusoma, sura iliyofuata.
Humo inakatazwa nguo ya nyuzi za aina mbili.
Nikaigeuza sare, nikasoma kitambulisho kwenye kola:
pamba, na poliesta.
Nikacheka peke yangu.
Kisha kicheko kikaniishia,
kwa maana Mwinjilisti ana jibu hata kwa hilo:
ile ni sheria ya hekalu, hii ni ya milele.
Mstari katikati yake nani aliuchora?
Atasema, Roho.
Na huyo Roho, Sinza huwa hapiti?

Sikupata usingizi, sikupata jibu.
Tofali lake bado lipo kifuani mwangu, zito,
siwezi kulitoa, siwezi kuliegemea.

Asubuhi nikampigia kaka.
Sikutaja sura, wala Ombeni, wala amina.
Nikasema: sare yangu imeachia kwapani.

Akanyamaza kidogo, cherehani ikasimama.
"Upande wa mkono unaounyoosha," akauliza,
"au ule mwingine?"