Asili

Rula yangu imepasuka kwenye kumi na moja.
Naitumia hivyo hivyo kuongeza mistari
daftari la wadi linapoishiwa.
Changamwe hapa watoto hawangoji karatasi.

Safu ya kwanza tarehe, ya pili uzani,
ya saba nyembamba kama ukucha: Kasoro.
Humo nimeingiza nyayo zilizotazamana za mwana wa Wakesho,
na mgongo ulio wazi wa yule aliyekaa nasi saa tisa tu.
Naandika herufi na tarakimu. Q sitini na sita. Q sifuri tano.
Nyamvula, maziwa yakimlowesha leso, aliniuliza:
Wangu umemwandika nini?
Q thelathini na sita, nikasema. Mdomo uliopasuka.
Ana jina, akasema. Anaitwa Tsuma.
Safu ya jina haimo; tuliapa kuyaficha majina.
Nikaandika Tsuma kwa penseli, pembeni, kadogo.

Alhamisi twaenda Miritini, kwenye kisagio cha kokoto,
mashine ya pumzi imelala ndani ya sanduku la viatu.
Daktari Mwakio huamuru kama kocha:
Vuta! Jaza! Puliza, puliza, puliza, usiachie!
Wanaume wenye nyusi nyeupe za unga wa mawe
wanapuliza hadi mishipa ya shingo inasimama.
Thelathini na mmoja. Wote wazima.
Msimamizi akaagiza soda. Mwaona? Vumbi letu ni dawa.

Mwakio hakunywa. Aliomba daftari la mishahara
la miaka kumi na mitano nyuma.
Likaletwa, mchwa wamekula kona.
Majina tisini na manne.
Kati ya hao, waliopuliza leo: tisa.

Mwalimu wangu wa hesabu, mtu wa Tanga, alitufunza:
juu ya mstari ni kiasi, chini ya mstari ni asili.
Hakutwambia kuna siku asili itatoroka,
itapanda basi la usiku irudi kwao,
Wundanyi, Mutomo, Kaloleni,
na picha ya kifua kwenye mfuko wa nailoni.
Abakiaye kazini ni yule awezaye kubaki.
Huyo ndiye tumpimaye,
kisha twasema kazi haina neno.

Nikaanza kupiga simu. Hapatikani.
Hapatikani. Mtoto anacheka, anakata.
Mutomo, mke wa Mutinda akapokea:
Mwamtaka yupi? Huyu mliyemtibu kifua kikuu mara tatu
na mdudu hamkumwona hata mara moja?
Nyuma yake nikasikia kikohozi,
kikavu, kama mtu anayeparuza sufuria iliyoungua.
Kikohozi cha simu hakina safu.
Tukamtumia nauli.

Na wale wa safu ya saba wasiofika wadini?
Mkunga Mbodze alinifungia mlango mara mbili.
Kilichozikwa kabla ya alfajiri, alisema dirishani,
wewe wakitakia nini?
Mwezi ukapita. Usiku mmoja simu ikatikisika mezani,
ujumbe wake, tarakimu peke yake:
4.

Barazani watu waliuliza: ni vumbi? Ni maji ya kisima?
Ni dawa wanayopulizia maghala?
Mwakio akasema, Sijui.
Mtaa mdogo, watoto wachache; huenda ni bahati mbaya tu,
huenda sivyo. Nipeni miaka mitatu.
Mama mmoja akasimama, akakung'uta leso, akaondoka.
Sikumlaumu. Mimi mwenyewe miaka mitatu
naihesabu kwa madaftari.

Jana alikuja mkaguzi.
Akagusa penseli yangu kwa ncha ya kalamu:
Hili ni nini? Futa.
Nikamwambia kifutio kimepotea.
Kimo mfukoni. Nakihisi pajani
kila ninapoinama kuchora mstari mwingine,
hadi kumi na moja,
halafu naisogeza rula.