Kaa

Tsuma alinikuta nachimba mtaro,
gunia la mkaa kando yangu, mdomo wazi.
Akavua kofia.
"Pole, jirani. Nani kafa?"
Nikamjibu: mgunga.
Mgunga, na mkwaju, na ule mkorosho wa marehemu baba
nilioukata mwaka wa njaa nikauuza kwa madebe.
Leo ndiyo mazishi yao.
Alicheka mpaka akakaa chini.

Miaka kumi na tisa nimechoma mkaa hapa Kakuyuni.
Tanuri nalijua kama mkunga ajuavyo tumbo:
moshi mweupe, bado;
wa kijivu, karibu;
ukigeuka buluu, mwembamba kama uzi,
fukia, wala usisinzie, utaamkia jivu.
Magunia yangu yalishuka Malindi kwa bodaboda,
yakachoma kamba wa Waitaliano huko pwani,
nami nikabakiwa na kikohozi
na shamba lipitishalo mvua kama kifumbu.

Moshi niliuona ukipotea.
Sikujua kupotea si kwisha.
Binti yangu Mbeyu, aliporudi likizo kutoka chuoni,
alinyoosha kidole juu:
"Baba, haujaenda popote. Umekaa pale,
umetufunika blanketi mwezi wa Februari."
Blanketi, Februari!
Nani alilitaka?

Tukachimba shimo mfano wa pia,
mdomo mpana, ncha chini.
Hakuna mti uliokatwa: magunzi, vifuu,
matawi ya mathenge yaliyotuchoma miguu.
Moto ukakaa juu juu
ukawa unakula moshi wake wenyewe
kama mbuzi anayetafuna kamba aliyofungwa.
Na kabla ya jivu, maji. Ndoo kumi na mbili.
Kikabaki kitu cheusi, chepesi,
ukikikanyaga kinalia kama kigae.

Msimu wa kwanza nusura nimfukuze.
Mahindi yalisimama manjano, magoti yamelegea.
Kumbe mkaa mkavu ni mgeni mwenye njaa,
huanza na chungu cha mwenyeji.
Msimu wa pili tukaushibisha kwanza:
samadi, mkojo wa mbuzi, maji ya kuoshea samaki,
wiki tatu chini ya turubai.
Nyevu, mke wangu, alihamisha kitanda
akakipeleka upande usio na upepo.
Hakusema neno. Alikivuta tu, nikisikia kila mguu.

Kisha akaja Ruwa na pikipiki yake.
"Ngumbao, unafukia pesa? Mjini gunia ni elfu mbili."
Nilimuuzia moja.
Sitaficha; karo ilikuwa mlangoni, nayo haibishi hodi.
Usiku ule nikalala kama mtu aliyefukua kaburi
akakuta sanda ni yake.

Asubuhi nikarudi mtaroni.
Neno nililolitaja maisha yangu yote
nikalisikia upya mdomoni:
kaa ni la moto,
na kaa ni amri.
Mbeyu asema hewa ya ukaa ikishafungwa humu
itakaa miaka ya vitukuu na vilembwe.
Mimi sitakuwepo kuhesabu.
Lakini kila koleo nikilimwaga nalinong'oneza,
kama unavyomwambia mtoto usipotaka akufuate sokoni:
kaa. Kaa hapo hapo.

Leo ni siku ya tisa bila mvua.
Nimeshika udongo wa mtaroni, nimeukamua:
umeshikana tonge, halafu nusu ikavunjika.
Nusu tonge.
Kwa Tsuma, ng'ambo ya ua, ni vumbi tupu.

Jioni amepita na toroli la vifuu,
uso ameugeuzia barabara,
eti anapeleka kutupa.
Nimemwonyesha shimo liliko.
Sikumuuliza nani kafa.