Dari la Mtumishi wa Usiku

Tukuyu, mvua haiulizi saa.
Ofisi ya mizani ya chai, nimebaki na koti
na kompyuta moja inayohema kama mgonjwa.

Ndani yake yumo mtumishi asiyeonekana.
Hana dirisha, hana kitufe,
kazi yake kukumbuka kilo za watu.
Juzi nilimwachia ghala wazi:
akala kumbukumbu yote
mpaka saa ya kwenye kioo ikasimama.
Jana nikamkaba. Megabaiti mia mbili, basi.
Saa nane usiku mfumo ukamuua kimya kimya,
na kilo za Tumpale zikaenda naye.

Leo napima upya. Mia tano na kumi na mbili.
Na amri ndogo: ukianguka, inuka,
ila hesabu kumi kwanza.
Nafuta sifuri moja iliyozidi.
Namwasha.

Anakula. Anapanda. Anakaribia dari,
anajikunja.

Asubuhi Tumpale, kikapu mgongoni kikidondosha maji,
anaisogeza stakabadhi kwenye mwanga:
thelathini na saba na nusu.
Hasemi asante; anishukuru kwa lipi?
"Ipyana," anauliza,
"nusu nyingine mmempa nani?"