Breki ya Upande Wangu

Miaka ishirini na miwili nimekaa kiti cha abiria
nikiwatahini wanaotaka leseni mjini Kutaisi.
Nina breki yangu, ndogo, chini ya mguu wa kulia.
Debe tupu nalisikia likitika
kabla halijawasha injini.

Sasa kizazi changu kimeota vivimbe vitatu,
kikubwa chao, wanasema, sawa na komamanga.
Damu hunijia bila hodi,
hata katikati ya mtihani, penye mzunguko wa darajani.
Kijana ananiuliza, "Nikate kona?"
Nami nimebana magoti, nasema endelea,
wewe endelea tu.

Wifi yangu Lamara ana lake: nenda kwa Lomtadze,
ana mashine mpya, alimpasua mke wa naibu meya.
Nikaenda. Vyeti ukuta mzima.
Kahawa ndani ya kikombe chenye ukingo wa dhahabu.
Upasuaji huu, nikamuuliza, umeufanya mara ngapi?
"Mara nyingi, bibi, mara nyingi."
Nyingi ni ngapi?
Akanigusa bega. "Wewe lala. Mengine niachie."

Ndivyo wasemavyo wote
kabla ya kugonga koni.

Hospitali ya zamani iko ng'ambo ya mto Rioni.
Lifti mbovu. Nilipanda ghorofa nne
nikipumzika kila kituo kama mzee wa kanisa.
Daktari Tsiuri alikuwa anakula mkate wa jibini.
Akafuta vidole, akafunua daftari la mistari,
lile la kuandikia madeni ya duka.
"Mia nne na kumi na sita tangu nianze.
Mwaka huu thelathini na nane.
Wawili niliwatoboa kibofu.
Wa kwanza nilimwona palepale, nikashona.
Wa pili nilichelewa siku mbili.
Mpaka leo tukikutana sokoni hanisalimu.
Ana haki."

Hakutazama pembeni.

Kisha akauliza yeye:
"Kizazi chenyewe, unataka kibaki?"
Nina miaka arobaini na saba. Mwanangu mmoja anachomelea meli
nchi ya mbali, hupiga simu Jumapili akikumbuka.
Hakuna aliyewahi kuniuliza.
Wote walikuwa wameshanijibia.
Nikasema, sijui.
Akaandika: *hajui*.
"Rudi Alhamisi."

Alhamisi nilikuwa nalo jibu.
Wapangaji hawa watatu watoke,
nyumba ibaki,
hata kama hatahamia mtu.

Theluji ilikuwa inaanguka juu ya maegesho
siku waliponilaza chini ya taa.
Muuguzi akaniambia nihesabu kurudi nyuma.
Kumi. Tisa.
Sauti ya Tsiuri ikamkemea mtu kuhusu mkasi.
Nane.
Chini ya shuka mguu wangu wa kulia ukapapasa,
ukapapasa,
ukitafuta breki.
Haikuwepo.
Nikauacha ulale.